Nilivyojifunza kazi ya kunusa pamoja na mbwa wangu, huku Mikindani, Mtwara

Doria ni mbwa wa kienyeji, jike wa miaka mitatu, ambaye nilimfuga ili alinde korosho zangu wakati wa mavuno. Kazi hiyo humweka macho kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini miezi mingine yote hukaa bila shughuli, na mbwa asiye na shughuli hujitafutia yake mwenyewe. Mwaka huo alikuwa amefukua tuta zima la mihogo na kutafuna kandambili za nyumba mbili. Sikutaka kumfunga mnyororo mchana kutwa, nikaona afadhali nimtafutie kazi itakayomchosha akili.

Wazo la kunusa lilinijia kutokana na panya buku wanaofundishwa Morogoro na shirika la APOPO. Sisi wa Mtwara tuna sababu ya kuwakumbuka panya hao, kwa kuwa walipelekwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na mwaka 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa. Kilichonivutia ni njia yao ya kufundisha: panya anapopatia husikia mlio mfupi, kisha papo hapo hupewa chakula anachokipenda. Hapigwi wala hakaripiwi. Mimi sikuwa na kifaa cha kutoa mlio, nikachagua neno moja tu, "Ndiyo!", nikaazimia kutolitumia kwa jambo jingine lolote mbele ya Doria.

Nilianza mwezi Juni kwa maboksi manane ya sabuni yaliyo wazi, niliyoyapanga uani, na katika boksi moja nikaweka vipande vya maini ya kuchemsha. Sikumwonyesha kwa kidole wala sikumwita. Nilimwachia tu, naye akapita, akanusa, akapata na kula mle mle ndani ya boksi. Chakula huliwa pale pale harufu ilipo, kwa sababu mbwa akizoea kulishwa mkononi mwa bwana wake atakuwa anautazama mkono badala ya kutafuta. Kila zoezi halikuzidi dakika tano, nasi tulikuwa tukilifanya alfajiri, kabla jua halijapanda. Mbwa anayehema kwa joto, mdomo wazi, hawezi kunusa sawasawa. Anaponusa kwa dhati hufunga mdomo na kuvuta hewa kwa mikupuo mifupi, kama mara tano kwa sekunde moja, hata ukiwa karibu unamsikia.

Baada ya wiki mbili nilileta harufu yenyewe, nayo ilikuwa karafuu. Katika mchezo wa kunusa ulioanzia Marekani mwaka 2006, mbwa hufundishwa harufu za mafuta ya betula, ya anisi na ya karafuu. Betula ni mti wa nchi za baridi ambao sijawahi kuuona, ilhali mafuta ya karafuu yanauzwa sokoni kwetu kwa ajili ya maumivu ya jino. Nilidondoshea tone moja kwenye kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, nikakitia ndani ya kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka nilichokitoboa matundu kwa msumari, kisha nikakifunga barabara, maana mafuta hayo yakilambwa humdhuru mbwa. Juu ya kikopo niliweka maini, ili Doria akutane na vitu viwili kwa pamoja na pua yake ijue kwamba palipo na karafuu pana malipo.

Kwa wiki tatu alipatia kila mara, nami nikaamini kuwa amekwisha kujua. Siku moja binti yangu, aliye darasa la sita, aliomba afiche yeye. Alibeba boksi lenye kikopo kwa mikono yake, na mimi nikabeba yaliyobaki. Doria alilipita boksi la karafuu bila kusita, akaenda moja kwa moja kwenye boksi nililolibeba mwisho, akasimama hapo akinitazama kwa matumaini makubwa.

Nilikaa kibarazani muda mrefu nikilifikiria jambo hilo, kwa kuwa lilikuwa na maana moja tu. Wiki zote hizo nilikuwa nikiligusa boksi la karafuu mwishoni, baada ya mengine yote, kwa vidole vilivyoshika maini, na yeye alikuwa amejifunza kutafuta boksi ambalo mkono wangu umeligusa mwisho. Hakuwa amekosea hata kidogo, bali mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha hivyo. Tukaanza upya. Kuanzia siku hiyo niliyagusa maboksi yote kwa usawa, nikaweka vikopo vitupu katika mengine, nikawa nakishika cha karafuu kwa kibano kipya kisichotumika jikoni, na boksi lililowahi kubeba karafuu nikalitia alama ya kalamu ili lisije likachanganyika na yale safi. Maini nayo niliyaondoa juu ya kikopo, nikawa nayatoa mara tu baada ya kusema "Ndiyo!", nikiyaweka pale pale kwenye harufu. Ilituchukua mwezi mzima kurudi tulipodhani tumefika.

Hapo kati palikuwa na suala la jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyeniambia kwa upole, "Mwanangu, mbwa wako asije akagusa vyombo vyangu." Ana haki yake, na katika mji wetu jambo hilo si dogo. Nilihamishia mazoezi yote upande wa pili wa ua, na Doria hatoki bila kamba.

Somo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa la upepo. Nilificha kikopo katika ufa wa ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, kwenye uchochoro wenye gofu, nikamwona Doria aking'ang'ania ukuta wa upande wa pili, akinusa juu na chini. Nilimvuta kamba ili kumwelekeza, akarudi kule kule, nikamvuta tena, hata akakata tamaa na kulala chini. Kumbe upepo wa kusi ulikuwa ukiichukua harufu kutoka kwenye ufa, ukaivusha uchochoro na kuibandika kwenye ukuta alioukazania. Laiti ningemwachia kamba, angeifuata mwenyewe hadi ilikotoka. Tangu hapo, kabla ya kuanza, hunyunyiza majivu kidogo hewani nione yanaelekea wapi, na Doria anapogeuza kichwa ghafla katikati ya mwendo, mimi husimama nilipo. Huko kugeuza kichwa ndiko nilikojifunza kukusoma: amekatiza njia ya harufu, akaipoteza, anairudia, atakwenda kushoto na kulia, kila mara kwa hatua chache zaidi, mpaka afike.

Jambo la mwisho lilikuwa kujizuia nisijue. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans aliyesifiwa kuwa anajua hesabu, hadi mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha kuwa farasi huyo alikuwa akisoma miili ya watu waliolijua jibu. Mbwa naye hutusoma hivyo hivyo. Kwa hiyo sasa binti yangu huficha nikiwa ndani, nami sielezwi lolote.

Mara ya kwanza tulifanya hivyo shambani, chini ya mikorosho iliyokuwa imeanza kutoa maua, na harufu ya maua hayo ilikuwa nzito kiasi kwamba niliogopa itamchanganya. Doria alitafuta kwa dakika kumi na moja. Alipita shina la tatu, akageuza kichwa, akarudi, akalizunguka mara mbili, kisha akafunga mdomo na kuganda, pua ikiwa kwenye mzizi uliochomoza. Moyo ulinidunda kwa sababu nilitakiwa kuamua bila kujua. Nikasema, "Ndiyo!"

"Ndipo, baba," binti yangu akaitikia kutoka nyuma. Nikapiga magoti, nikamwekea Doria maini pale kwenye mzizi, kipande baada ya kipande.