Nimerudi pwani, mikoko ingali imesimama

Tangu nirudi Kwale kutoka Uholanzi, kila ninayekutana naye huniuliza kama nyumbani kumebadilika. Wengi huwa na jibu lao tayari: lami, umeme, majumba ya ghorofa. Hayo yapo na ninayafurahia. Lakini macho yangu yalikwenda kwanza horini, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambako huota mikoko, miti ya matope ya maji ya chumvi. Miaka yote ya ughaibuni nilibeba hofu ambayo sikumwambia mtu, kwamba siku nitakayorudi nitakuta matope matupu na visiki. Nimekuta mikoko. Si yote, wala si kila mahali, lakini ipo, na mingine imekuwa mirefu kuliko nilivyoiacha. Nataka kueleza kwa nini jambo hili lina uzito kwangu, na kwa nini naamini lina uzito hata kwa msomaji ambaye hajawahi kukanyaga matope ya pwani.

Kwetu mkoko ulipimwa kwa kazi yake baada ya kukatwa. Mwembamba ni fito, unaofuata ni pau, kisha mazio, boriti, nguzo. Kila jina lilikuwa na bei yake. Siwalaumu wazee kwa hilo. Dari ya nyumba niliyozaliwa ilishikwa na boriti hizo, na mvuvi aliyekata fito za kujengea uzio wake hakuumaliza msitu. Msitu wa ghuba ya Gazi, hapa Kwale, ulimalizwa na ukataji wa jumla wa miaka ya 1970, miti ilipochukuliwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, lakini sehemu zilizokwisha fyekwa hazikurudi zenyewe. Mti ukiondoka, jua hupiga matope, chumvi huzidi, na mbegu inayoletwa na maji haipati mahali pa kushika.

Kupanda upya kulianza mwaka 1991, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, wakishirikiana na wanakijiji. Mmoja wa watafiti hao, Dkt. James Kairo, amejitolea maisha yake ya kazi kwa misitu hii, na ukipita leo katika mikoko iliyopandwa wakati ule unapita chini ya kivuli.

Mjomba wangu, ambaye amevua katika maji haya tangu utotoni, alinitembeza siku ya maji kupwa. Anaujua msitu kwa mpangilio wake. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojikunja kama magoti. Kisha muia, kisha mkandaa, na huko nyuma kwenye chumvi kali hufika mchu, ingawa mchu huweza pia kutokea mbele karibu na mlilana. Kenya ina aina tisa za miti hii, na kila mmoja una mahali pake kulingana na muda unaofunikwa na maji.

"Mpwa wangu," akaniambia, "mti huu haupandwi popote pale mtu anapopenda."

Maneno hayo niliyakumbuka nilipoanza kusikia habari za hafla za kupanda mikoko. Wageni hufika na fulana za rangi moja, huchomeka mbegu za mkoko kwenye tope lililo wazi kwa sababu hapo ni rahisi kufika na picha hutoka vizuri, kisha huondoka. Tope hilo mara nyingi ni mahali pa mlilana, au si mahali pa mti wowote, kwa kuwa maji hukaa muda mrefu mno. Baada ya bamvua chache, yaani maji makuu, hakuna kitu. Sri Lanka walipata somo hili kwa gharama kubwa baada ya tsunami ya mwaka 2004: walipanda zaidi ya hekta 1,000, na watafiti waliporudi kukagua wakakuta ni takriban moja ya tano tu iliyoshika. Kupanda kuna nafasi yake, Gazi ni ushahidi. Lakini ningepewa fedha za hafla hizo ningezitumia kwanza kulinda miti iliyosimama, kisha kufungua mikondo ya maji iliyozibwa. Maji yakirudi katika njia yake, mbegu hujileta zenyewe.

Kuulinda uliosimama kuna sababu nyingine, nayo iko chini ya miguu. Tope la mikoko halina hewa. Jani likianguka, mzizi ukifa, haviozi upesi kama porini, bali hufukiwa taratibu, tabaka juu ya tabaka, kwa mamia na maelfu ya miaka. Kwa hiyo hekta moja ya mikoko huweza kushika kaboni, ile ambayo ikipanda angani huwa gesi ya kuipasha dunia joto, mara tatu hadi tano ya hekta ya msitu wa tropiki wa nchi kavu, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ardhini, si kwenye shina. Ukikata mti unapoteza zaidi ya mti. Tope likifunuliwa na kupata hewa, kile kilichofichwa karne kwa karne huanza kupanda angani, na mche unaopandwa leo hauwezi kukirudisha katika uhai wetu wala wa watoto wetu.

Hapa ndipo vijiji vidogo vya pwani ya kusini vilipoifundisha dunia jambo. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya, na kwa ulinzi huo huuza hati za takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kila mwaka kwa watu na mashirika yanayotaka kufidia uchafuzi wao. Mwanzoni mapato yalikuwa takriban dola 12,000 kwa mwaka. Kwa bandari kubwa hizo si fedha, lakini kwa vijiji viwili zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na wanakijiji wenyewe hukaa na kuamua zitumikeje. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, wakaanzisha mradi wao kwa njia ileile, katika msitu mkubwa zaidi.

Mti ambao zamani ulipata bei siku ya kulala chini sasa una bei ukiwa wima. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko lami.

Nina neno pia kwa wanunuzi. Anayelipia tani moja ya kaboni ya Gazi ili aendelee kuchoma tani kumi kwake hajatusaidia. Bahari tayari imebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililosababishwa na gesi za binadamu, na humeza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa. Mikoko ya dunia nzima haiwezi kufuta moshi wa viwanda. Ulinzi wa msitu na kupunguza moshi vinahitajika vyote viwili, na cha pili kinawahusu zaidi walio na viwanda.

Nimekaa Uholanzi, katika jimbo la Zeeland, nchi ya kuta za bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilizivunja kuta hizo na watu 1,836 wakafa. Baadaye walijenga mabwawa na milango ya bahari ambayo wahandisi wa dunia nzima huenda kuitazama. Hawa si watu wa kuchezea maji. Hata hivyo, mwaka 2022 nchi hiyohiyo ilibomoa kwa makusudi ukuta wa Hedwigepolder, ardhi ya kilimo iliyonyang'anywa bahari zaidi ya karne moja kabla, ili maji yajae na kupwa tena na pawe na kinamasi cha chumvi kama zamani. Ilikuwa fidia kwa mazingira yaliyoharibiwa mto Scheldt ulipochimbwa kina ili meli kubwa zifike Antwerp. Mabishano yalichukua miaka mingi, bungeni na mahakamani, na wakulima waliumia kwa kweli. Nchi tajiri ililipa gharama hiyo yote ili irudishiwe kipande cha kitu ambacho sisi bado tunacho. Kati ya mwaka 1970 na 2015 dunia ilipoteza takriban asilimia 35 ya ardhi oevu zake, wakati Mkataba wa Ramsar wa kuzilinda ulikuwa umetiwa saini tangu mwaka 1971. Saini ya wakubwa peke yake haijawahi kulinda hori.

Sasa nirudi majini, kwa sababu msitu ukitazamwa peke yake hauonekani wote. Gazi ni mahali pazuri pa kulielewa hili. Mito ya Mkurumuji na Kidogoweni huleta tope kutoka bara. Mikoko hulizuia. Mbele ya mikoko kuna nyasi za bahari, ambazo hushika lililopenya na kuweka kaboni yake ardhini vilevile. Mbele ya nyasi kuna matumbawe, ambayo huyavunja mawimbi yasije kung'oa nyasi na mikoko. Matumbawe yakifunikwa na tope hufa, na yakifa ufuo hubaki wazi. Samaki nao wanaishi kwa mpangilio huo. Changu wengi hukulia kwenye mizizi na nyasi kabla ya kutoka kwenda mwambani. Kamba huanzia horini. Tafi hula nyasi hizo, na kasa pia.

Nilimuuliza mjomba kuhusu tafi. "Wapo," alisema, "ila hawaachwi wakakua."

Anaongelea juya. Wavu huo huburutwa chini ukichukua kila kitu pamoja na nyasi, na umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001. Bado unaonekana. Ukimwuliza mwenye juya atakuambia ana watoto, na ni kweli anao. Sioni njia ya kulimaliza jambo hili kwa askari peke yao. Ninachokiamini ni kile walichofanya wavuvi wa Kuruwitu, kule Kilifi, mwaka 2005. Waliona samaki wanakwisha, wakafunga wenyewe takriban hekta 30 za bahari wasivue humo. Wapo waliopinga, na ni haki yao, maana kumwambia mvuvi asivue ni jambo zito. Lakini samaki walirudi, wakaongezeka, wakaanza kutoka nje ya mpaka ambako kuvua kunaruhusiwa. Maeneo ya namna hiyo tunayaita tengefu, na yameenea katika vijiji vingine vya pwani. Tulikuwa na hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, Malindi na Watamu, miongoni mwa za kwanza Afrika. Tofauti ya tengefu ni kwamba mlinzi wake ndiye mla samaki wake.

Kwa sababu hiyo nasoma kwa uangalifu azma ya mataifa iliyopitishwa Montreal mwaka 2022, ya kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Naiunga mkono. Lakini asilimia hizo zikitafutwa kwa kuchora mistari kwenye ramani mbali na mvuvi, atakayefukuzwa ni mwenye ngarawa, na meli kubwa zitaendelea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi wa Lamu zilikiukwa katika ujenzi wa bandari mpya. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Watu wale walilazimika kwenda mahakamani ili tu wasikilizwe kuhusu maji wanayoishi nayo.

Kuna jambo ambalo hakuna kijiji kinachoweza kulifunga kwa wavu wala kwa sheria ndogo. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Mwaka 2024 wanasayansi walithibitisha kwamba matumbawe yanapauka duniani kote kwa mara ya nne. Jopo la kimataifa la tabianchi lilieleza mwaka 2018 kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 1.5, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na likifika nyuzi 2 yatakaribia kwisha kabisa. Mwamba usioburutiwa nyavu wala kufunikwa na tope una nafasi nzuri zaidi ya kupona baada ya joto. Hiyo ndiyo sehemu yetu, na tunaifanya. Sehemu nyingine iko katika miji niliyotoka, na marafiki zangu wa huko watakaosoma haya kwa msaada wa programu ya kutafsiri, nawaambia moja kwa moja: punguzeni.

Kwa vijana wa kwetu nina ombi la karibu zaidi. Mradi wa Gazi ulipangwa kwa miaka 20, maana yake mwaka 2033 kutakuwa na mazungumzo mapya. Watakaokaa mezani wakati huo sasa wako sekondari. Hesabu ya kaboni, mipaka ya msitu, mgao wa mapato, nafasi ya nyasi za bahari katika mauzo, yote hayo yameandikwa katika karatasi ndefu za Kiingereza ambazo wazee wengi hawajazisoma. Ninayo nafasi, na lugha hiyo naijua. Nimeshawaambia wanakamati kwamba yeyote anayetaka kuzisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili au Kidigo, anikute baada ya alasiri. Wawili wameshaanza, na tumefika kwenye sura ya mipaka.