Nyoka wa Epidaurus na Kidole cha Mgonjwa

Kutoka Nafplio hadi Epidaurus ni mwendo usiofika saa moja kwa gari, lakini dereva wa teksi alinitoza nauli iliyozidi ile niliyolipa kwenye basi kutoka Athens. Nililipa kwa uchungu, kwani mimi ni muuguzi, na nembo ya Shirika la Afya Duniani, yenye bakora iliyozungukwa na nyoka mmoja, nimeiona kazini kila siku bila kufika mahali alipoabudiwa Asklepios, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale, mwenye bakora hiyo.

Uwanja wa maigizo wa kale, unaochukua watu wapatao 14,000 na ambao ndio watalii huufuata, niliupita haraka. Kilichoninasa ni jiwe moja katika jumba la makumbusho, lililochongwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo, lenye habari za watu walioponywa hapo. Mlinzi, mama mtu mzima, alinisimulia kisa cha mgonjwa mwenye kidonda kibaya kwenye kidole cha mguu: watumishi walimbeba, wakamkalisha nje, usingizi ukamchukua, ndipo nyoka akatoka katika jengo walimolala wagonjwa, akakitibu kidole kwa ulimi wake, akarudi ndani. Mgonjwa alipoamka mzima, alisema ameota kijana mzuri akimpaka dawa. Nilimwomba mama yule arudie, naye akarudia bila kinyongo.

Kwetu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sikuwahi kumfikiria nyoka kuwa tabibu.

Dukani walitaka kuniuzia, kwa bei ya kukatisha tamaa, kidani cha nyoka wawili wenye mabawa juu yao. Hiyo ni fimbo ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara, ingawa jeshi la Marekani liliipa idara yake ya tiba mwaka 1902. Sikukinunua.

Njiani mawazo yalikuwa nyumbani. Mwaka 2017 shirika lenye nyoka kwenye nembo yake liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Dawa yake hutengenezwa kwa sumu yenyewe, anayodungwa farasi kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga. Ni ghali, na zahanati nyingi za vijijini hazina. Mkulima aliyekanyaga kifutu naye hubebwa kama yule wa Epidaurus, ila kwa pikipiki, na mara nyingi hufika mguu umekwisha kuanza kuoza. Natamani chupa za dawa hiyo zifike vijijini kabla ya msimu wa kulima, wakati watu wanaingia mashambani pekupeku.