Sauti iliniharibia hadithi

Nimekiacha kitabu cha sauti katikati, na kosa si la mwandishi. Ni hadithi ya mauaji, lakini msimulizi anaisoma kama taarifa ya hali ya hewa. Maiti imeonekana kisimani, sauti ileile. Mama wa marehemu anaangua kilio, sauti ileile! Halafu kila mhusika wa kike anasemea puani, sijui nani alimdanganya kwamba wanawake huongea hivyo. Nikaongeza kasi hadi 1.5, ikawa uchovu uleule, ila sasa unakimbia.

Wasimulizi wengi husoma maneno kama 150 hadi 160 kwa dakika, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 inakula karibu saa 10. Saa 10 na mtu mmoja masikioni! Hata rafiki wa kufa na kuzikana mtachokana.

Baadaye nikakisoma kilekile kwa macho yangu. Kumbe kina utani! Nilicheka peke yangu kwenye sentensi ambazo yeye alizipita kama hazipo.

Yupo msimulizi mwingine ninayempenda, na wala hafanyi makubwa. Habadilishi sauti sana. Ananyamaza kidogo tu kabla ya neno zito, nawe unajikuta umeshika pumzi. Huyo hata akisoma maelekezo ya dawa nitamsikiliza.

Siku hizi silipii kitabu kabla ya kusikiliza kionjo, tena natafuta kipande chenye mazungumzo. Hapo ndipo wengi wanapojianika.