Kutazama ndege Kinangop bila kushuka garini

Tangu goti lianze kunisumbua, Kinangop, uwanda wa juu katikati ya Kenya, naitazama kupitia dirisha la gari, na sioni kama nimepoteza kitu. Ndege wa huko wamezoea pikapu za viazi na kabichi zinazopita kutwa. Mtu je? Fungua mlango tu, wameruka.

Natokea mji mdogo wa Flyover alfajiri, napita Njabini, kisha nashika barabara za murram. Jua naliacha mgongoni. Nikiona kitu sikanyagi breki ghafla: naachia mafuta, gari linajiendea taratibu hadi kando, nazima injini kwa sababu mtetemo wake huchezesha darubini, ndipo nashusha kioo. Dirishani naweka mfuko wa kitambaa wenye maharagwe, naegemeza darubini juu yake, mikono inatulia. Halafu nangoja.

Mvua zikinyesha vizuri utamwona dume wa Euplectes progne, ndege mweusi mwenye mabega mekundu na mkia wa karibu nusu mita, akiruka polepole juu ya nyasi kama aliyebebeshwa mzigo. Ni hapa hapa Kinangop ambapo mtafiti Mswidi, Malte Andersson, alikata mikia ya baadhi yao na kuwagundishia wengine vipande vya kuirefusha. Matokeo aliyachapisha mwaka 1982: waliorefushiwa ndio waliovutia majike wengi zaidi.

Aliyenitoa jasho ni Macronyx sharpei, ndege mdogo asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya. Shamba lililolimwa halitaki kabisa. Anataka malisho ya nyasi fupi zenye mafungu mafungu, na malisho hayo yanazidi kugeuzwa mashamba ya viazi. Kwa hiyo siku hizi natafuta kondoo kwanza, ndege baadaye. Nikiwa nimeegesha kando ya seng'enge, mmoja alipanda juu ya fungu la nyasi akanipa mgongo, michirizi ya kahawia mitupu, ungemdhania udongo. Alipogeuka, kifua chote manjano!

Ukiegesha kando ya shamba la watu na darubini mkononi, lazima uulizwe. Mzee mmoja alinijia akiwa na fimbo.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri. Umekuja kupima shamba?"

Nikampa darubini. Akatazama kitambo, akacheka.

"Huyu? Mbona tunamkanyagia viota tukichunga! Enda pale kwa jirani, wako wengi. Lakini enda leo, trekta inakuja wiki ijayo."