Chungu cha VCK

Ukitaka kuielewa siasa ya Viduthalai Chiruthaigal Katchi (VCK), yaani Chama cha Chui wa Ukombozi, chama cha Wadalit (watu wa matabaka yaliyoitwa “wasioguswa”) cha Tamil Nadu, kusini mwa India, anza na alama za uchaguzi. Hotuba za kiongozi wake, Thol. Thirumavalavan, zinasisimua kweli, ila ugomvi mzito wa miaka yote hii umekuwa juu ya picha ndogo kwenye mashine ya kura.

Vuguvugu lenyewe lilianzia Madurai mwaka 1982 chini ya A. Malaichamy. Alipofariki 1989, Thirumavalavan, wakati huo mtumishi wa maabara ya serikali, akashika uongozi. Walisusia uchaguzi hadi 1999.

Kwa nini wasishinde peke yao, ikiwa Wadalit ni kama asilimia 20 ya watu wa Tamil Nadu? Kwanza, Wadalit si kundi moja. Kuna matabaka ya Paraiyar, Pallar na Arunthathiyar, na mizizi ya VCK iko zaidi kwa Paraiyar wa wilaya za kaskazini kama Cuddalore na Villupuram. Pili, viti vilivyotengwa kwa Wadalit (44 kati ya 234 vya Bunge la Tamil Nadu, na 7 kati ya 39 vya Tamil Nadu katika Bunge la Taifa) havifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Mgombea lazima awe Mdalit, lakini wapiga kura ni wakazi wote wa jimbo. Hayo ndiyo matokeo ya Mapatano ya Poona ya 1932, kiongozi wa Wadalit B. R. Ambedkar alipoachia madai ya Wadalit kujichagulia wawakilishi wao. Kwa hiyo Mdalit anayesema kwa ukali juu ya vikombe viwili kwenye vibanda vya chai, kimoja cha Wadalit na kingine cha wenzao, anaweza kuangushwa na kura za hao hao wenye vikombe vyao. Vyama vikubwa humsimamisha Mdalit mpole, na mambo yanaishia hapo.

Basi VCK ikahitaji mshirika, mara nyingi DMK, mojawapo ya vyama vikubwa vya Tamil Nadu, na mshirika ana sharti lake: gombea kwa alama yetu ya jua linalochomoza, kila mtu anaijua. Mtego uko kwenye Jedwali la Kumi la Katiba ya India, linalozuia wabunge kuasi vyama vyao. Ukichaguliwa kwa alama ya DMK, kisheria wewe ni mbunge wa DMK, na ukiasi agizo lake bungeni unaweza kupoteza kiti. Thirumavalavan alichaguliwa hivyo mwaka 2001, akajiuzulu ubunge 2004 walipokosana.

Njia ya pili ni kugombea kwa alama yako. Chama kisichotambuliwa na Tume ya Uchaguzi hakina alama ya kudumu, huokota katika zilizo huru: nyota mwaka 2009, pete 2016, chungu 2019. Mwaka 2016 Thirumavalavan alishindwa katika jimbo la Kattumannarkoil kwa kura 87. Siwezi kuitupia pete lawama yote, lakini kwa pengo la kura 87 kila kitu kina uzito.

Mwaka 2024 Tume ya Uchaguzi ilikataa kwanza kuwapa chungu. Walikipata mwishoni mwa Machi, kutoka kwa wasimamizi wa uchaguzi majimboni, na kura zilikuwa Aprili 19. Wakashinda viti vyote viwili vya Bunge la Taifa walivyogombea, Chidambaram na Villupuram.

Ushindi huo ndio uliofungua mlango wa kutambuliwa. Kanuni inataka mbunge mmoja wa Taifa kwa kila viti 25 vya eneo husika au sehemu yake. Tamil Nadu ina viti 39, hivyo wanatosha wawili. Januari 2025 VCK ikatambuliwa rasmi, na chungu kikawa chao Tamil Nadu nzima. Mgombea wao sasa anahitaji mdhamini mmoja tu badala ya 10, na chama hupewa daftari la wapiga kura bure.

Kutambuliwa hakumlazimishi mshirika kuongeza viti. Mwaka 2021, kwenye uchaguzi wa Bunge la Tamil Nadu, DMK iliwaachia viti 6, wakashinda 4. Kwangu mimi jambo kubwa la mwaka huo ni kwamba viwili kati ya hivyo, Nagapattinam na Tirupporur, havikuwa vya kutengwa. Tena Nagapattinam walimsimamisha Mwislamu, Aloor Shanavas, kwa alama ya chungu.