IST ya 2004 inafika kilomita 300,000, ila si kwa maji ya bomba

Toyota IST toleo la kwanza lilitoka 2002 likakoma 2007, kwa hiyo hata lile la mwisho mwisho limekaribia miaka ishirini. Dar es Salaam bado yamejaa, na anayetaka kununua huuliza lile lile: injini imebakiza nini? Odometa usiitegemee, inarudishwa nyuma kirahisi. Mpira wa pedali ya breki, usukani uliolainika na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango vina ukweli zaidi.

Injini ni 2NZ-FE ya cc 1300 au 1NZ-FE ya cc 1500, ndugu wa zile za Vitz, Funcargo na Probox. Zote zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna habari ya kubadilisha kila kilomita 100,000. Zikitunzwa hufika 300,000 bila kufunguliwa. Zinazokufa mapema mara nyingi huuawa na joto, si na uzee. Bloku yake ni alumini yenye silivu nyembamba za chuma ndani (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka), na silinda hedi inayoifunika kwa juu nayo ni alumini. Ikichemka sana hata mara moja, hedi inaweza kupinda, gasketi ikaungua, na nyuzi za bolti za hedi zinaweza kung'oka ndani ya bloku. Kuchonga silinda kama tulivyozoea kwa injini za zamani za chuma kitupu si kazi ya hapa.

Ndiyo maana rejeta huangaliwa kabla ya kitu kingine. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko. Ukiona maji ya rangi ya chai, kuna kutu ndani na kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, haijatiwa muda mrefu. Ukiona utando kama maziwa ya kahawa, oili imeshachanganyika na maji. Hapo unanunua tatizo. Kisha mulika tochi kwenye pampu ya maji, upande wa mkanda wa nje unaozungusha alteneta. Alama za mchirizi uliokauka, weupe au waridi, maana yake sili imeanza kuvuja, na pampu haitasubiri.

Mfumo mzima unachukua takribani lita 5. Mwaga kwa koki ya chini ya rejeta, jaza maji safi, washa hita iwe ya moto, acha injini ipate joto hadi feni izunguke, zima, subiri ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka maji yatoke safi. Mwisho weka kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ile nzito nusu kwa nusu na maji yaliyotokana na mvuke (distilled), yale safi ya kuongezea betri (taja vizuri dukani, usije ukapewa asidi). Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi inayokula alumini na kuganda kwenye mirija. Rudia kazi hii kila miaka 2 au kilomita 40,000.

Thamostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata joto, usikubali itolewe. Baadhi ya mafundi huing'oa kwa hoja kwamba joto la Dar halihitaji kitu hicho. Toyota wenyewe wanaonya kwamba ikiondolewa upoozaji unapungua, kwa sababu sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Na gari likikimbia barabara ikiwa wazi, injini haifikii joto lake, mafuta yanaliwa zaidi na oili inachafuka haraka. Mfuniko wa rejeta uliochoka nao hubadilishwa, ni spea ya bei ndogo. Na magari mengi ya ukoo huu hayana mshale wa joto: yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka zima hapo hapo, hata kama nyumbani ni mita 500.

Oili sasa. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni ni ya lita 4, na fundi akishaifungua anamimina yote. Ziada ikiwa kubwa hupigwa na krenki hadi ifanye povu, na sili nazo zinaweza kuanza kulowa. Mimina lita 3.4, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo. Oili ya uzito wa 5W-30 inatosha, gari lililochoka linaweza kupewa 10W-30.

Kubadilisha oili kila kilomita 5,000 ndiyo kipimo kizuri kwa mjini. Piga hesabu kwa saa: kwenye foleni ya kilomita 15 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 333 za injini kuzunguka. Kwenye barabara ya Morogoro kwa 70, ni saa 71 tu. Oili iliyozidishiwa muda huganda kwenye vitundu vya pistoni, ringi za oili zinanasa, na injini inaanza kula oili bila kuvuja popote. Ikifika lita 1 kwa kila kilomita 1,000, ringi zimekwisha. Kabla ya kukata tamaa, toa vali ya PCV (inayotoa hewa chafu ndani ya injini) uitikise: isipolia cha-cha-cha imeziba, weka mpya. Na cheni ikikereza sekunde kadhaa kila asubuhi unapowasha, ni taarifa. Isikilize kabla haijaruka meno.

Giaboksi otomatiki ya gia nne inataka hydroliki ya aina ya T-IV, si nyekundu yoyote iliyopo dukani. Ukimwaga kwa bolti hutoka takribani lita 3. Rudisha kiasi hicho hicho, kila kilomita 40,000. Kipimo husomwa ikiwa ya moto, injini inawaka, baada ya kupitisha leva kwenye gia zote. Linki za stabilaiza, bushi na shokapu ni vya kuliwa na matuta, vinapatikana kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, siku yoyote, havistahili kukukosesha usingizi.

Kinachostahili ni kutu. Injini ya mtumba inapatikana, utabadilisha tu namba yake kwenye kadi. Bodi haina mbadala. Gari lililotumika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, limepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na la Kigamboni linapumua upepo wa bahari. Lipandishe juu, chukua mpini wa bisibisi, gonga kwenye reli za chini na pale mkono wa mguu wa mbele unapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kikinyamaza au mpini ukizama, rudisha funguo kwa mwenyewe.