Nilivyoacha kukaangwa maini kwenye chesi

Kuna jamaa klabuni kwetu hapa Dar alikuwa ananionea na ule mtego wa maini ya kukaanga, Waitaliano wanauita Fegatello, una zaidi ya miaka 400 na bado mimi nilikuwa naingia kichwakichwa. Anaanza e4 (kila mraba wa ubao una jina, herufi ni safu na namba ni mstari; hapo anasukuma poni, yule askari mdogo wa mbele), najibu e5, farasi f3, wangu c6, bishopu c4, wangu f6, mara farasi wake huyo g5, poni yangu ya f7, ile jirani na mfalme, inapumulia mashine. Nasukuma d5, anakula, na mimi nakula fasta kwa farasi, kumbe hapo ndo najichimbia kaburi, anatoa farasi sadaka f7 na mfalme wangu anaishia e6 katikati ya ubao kama mtu kafumaniwa. Mara 4, hivyohivyo!

Nikakaa wiki nzima na ubao ndo nikashtuka kosa siyo d5, kosa ni uroho wa kurudisha ile poni. Badala ya kula, farasi wa c6 aende a5 kumbughudhi bishopu. Poni imeenda, iende.

Basi wikiendi kwenye mashindano, mechi za dakika 15, raundi ya 3 tukapangwa pamoja. Kaleta g5 yake, nikatoa d5, kala, nikaweka farasi a5. Akaniangalia. Bishopu b5 cheki (yaani mfalme wangu anashambuliwa), nikaziba c6, kala, nikala na poni ya b, bishopu karudi e2, nikamfukuza farasi na h6, kaenda f3, nikasukuma e4, na yule farasi aliyekuwa ananitisha miezi yote akarudi mpaka g1 alikozaliwa! Angeenda e5 ndo sahihi. Yaani muvu ya 10, kwenye mstari wake wa nyuma katoka bishopu mmoja tu, na mimi nimepungukiwa poni moja.

Bishopu wangu c5, akatoa farasi c3, nikamficha mfalme pembeni kwa kumbadilisha upande na ruku, yule wa kona. Akafungua na d3, nikala, akala na bishopu, ruku e8 cheki, akaziba na farasi e2, wangu akaruka g4. Akaficha mfalme, malkia wangu h4. Akasukuma h3, nikala f2 na farasi, ruku wake akala, malkia akamla ruku kwa cheki. Jamaa akasimamisha saa, akanipa mkono bila neno.

Raundi ya 4 nikakutana na dogo wa sekondari, akaanza na d4. Sikuwa nimesoma chochote cha d4, nikapigwa chapchap.